Fomu ya Njano ya Rosalba

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa kituo cha afya cha mtaa wetu, kilimani kule Valparaíso. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupokea fomu za njano. Muuguzi akikuta homa ya matumbo, surua au dondakoo katika nyumba yoyote, anajaza fomu siku ile ile, mimi naiingiza daftarini, na kabla jua halijazama watu wa kupuliza dawa wamekwishafika na kubandika karatasi mlangoni. Mgonjwa anapelekwa hospitali ya kutengwa. Waliobaki hawatoki mpaka koo zao zipimwe.

Watu waliichukia karatasi ile kuliko ugonjwa wenyewe.

Zunilda Ibacache ndiye aliyekuwa muuguzi wetu wa kuzunguka majumbani. Alizaliwa papo hapo mtaani, katika nyumba ya vyumba kumi na vinne yenye bomba moja uani, na kazini hakuwa na mchezo. Machi mwaka 1949, wiki ya pili tangu shule zifunguliwe, aliingia katika nyumba hiyo siku ya Alhamisi akamkuta Rosalba, mtoto wa miaka sita, ana homa na shingo imevimba. Akamfungua kinywa kwa kijiko. Kooni kulikuwa na utando wa kijivu, dalili ya dondakoo.

Mama wa mtoto, Herminda, alikuwa dobi. Yeye na Zunilda walikua pamoja katika ua huo. Mwaka uliotangulia karatasi ilibandikwa mlangoni kwake kwa ajili ya homa nyingine, na wateja wakapeleka nguo zao kwingine kwa miezi mitano. Siku hiyo alikuwa na mashuka ya nyumba tatu za wakubwa, bado mabichi kwenye kamba. Hakulia. Alisimama tu akaziba mlango.

"Zuni, nipe mpaka Jumatatu," alisema. "Ukiandika leo, mimi na huyu mtoto tutakula nini?"

"Sio mimi ninayebandika, Herminda."

"Ni wewe. Ni mkono wako huo huo."

Mchana Zunilda alirudi kituoni. Nilimwona akifungua kabati la dawa, nikadhani anakagua. Kumbe alichukua chupa ya seramu, dawa ya dondakoo, akaenda kumchoma Rosalba sindano yeye mwenyewe, akamwagiza Herminda amfungie mtoto ndani. Fomu hakujaza. Baadaye aliniambia kwamba siku ile alijiona ana akili sana: mtoto ametibiwa, mama hajaharibikiwa, nani ameumia?

Rosalba alipona. Kufikia Jumapili alikuwa anadai mkate.

Chumba cha mkabala alikaa Otilia, mpishi wa mkahawa mmoja bandarini, na wanawe wawili, Lautaro na Dagoberto. Walikuwa wamecheza na Rosalba kila siku mpaka Jumatano. Ijumaa wakaanza kukataa chakula. Otilia akadhani ni mafua, akawapa chai yenye asali, akaenda kazini. Zunilda siku hizo alikuwa zamu upande wa pili wa kilima, na hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba koo za watoto wale zilipaswa kuangaliwa. Dagoberto alifariki Jumatatu asubuhi mikononi mwa mama yake, akihangaika kuvuta pumzi. Lautaro alikimbizwa hospitali, akachomwa sindano, lakini ilikuwa imechelewa. Moyo wake ulisimama siku ya tatu.

Jumatatu ile ile, fomu ya Dagoberto Zunilda aliileta mwenyewe mezani kwangu. Kisha akaomba nyingine tupu. Nikamwona anaandika jina la Rosalba, na penye tarehe anaandika ya Alhamisi.

Nikaelewa yote. Daktari mkuu alikuwa hajafika, tulikuwa wawili tu. Nikamshauri aandike Jumatatu. Watoto watatu wa ua mmoja wameugua pamoja, nani atauliza?

"Jumatano Rosalba alikuwa shuleni, kaka Evaristo," alisema. "Ukiandika Jumatatu, hakuna atakayekwenda kuwaangalia waliokaa naye benchi moja."

"Watakufukuza, dada."

"Ingiza daftarini."

Nikaingiza. Mchana ule ule darasa zima lilipimwa. Watoto wanne walikutwa na ugonjwa, wakachomwa sindano, na wote wanne wakapona, ingawa mmoja alizungumza kwa pua mpaka majira ya baridi.

Zunilda alifukuzwa wiki hiyo. Siku aliyorudisha sare aliniomba nimsindikize kwa Otilia. Tulimkuta anakunja nguo za wanawe. Zunilda alimweleza yote, siku moja baada ya nyingine, bila kujitetea, wala lawama hakumtupia Herminda.

Otilia alisikiliza mpaka mwisho.

"Alhamisi ulipita hapa mlangoni," alisema. "Nilikusalimu."

"Ulinisalimu."

"Ungeninong'oneza tu. Ningekutunzia siri yako."

Otilia akachukua shati jingine, nasi tukatoka. Mwezi uliofuata Otilia alihamia kaskazini kwenye migodi, na Zunilda akapata kazi kiwanda cha samaki, akaifanya mpaka uzeeni.

Herminda naye karatasi ilimfikia Jumatatu ile ile, na mashuka yakachukuliwa yakachemshwe. Hakulalamika. Alikaa ndani siku zote alizopangiwa, na Rosalba alipouliza mbona wale wavulana hawaji kucheza, alimwambia wamehama.