Jina la Zéphyrin halimo

Filamu ilipokwisha, Marguerite hakuinuka. Alitaka kusoma majina. Wizara ya utamaduni ya huko Ulaya kwao Clara, mtengenezaji wa filamu, ilishukuriwa, mkoa ukashukuriwa, mji ukashukuriwa, televisheni ya taifa na mfuko wa umma wa sinema navyo vikashukuriwa, kila kimoja na nembo yake. Hata mgahawa uliowapikia mafundi wa sauti ulishukuriwa. Lakini Zéphyrin, mdogo wake wa tumbo moja, aliyeonekana tangu dakika ya kwanza hadi jeneza linashushwa kaburini, aliandikwa neno moja tu: Mkimbizi.

Kethia, mjane wa Zéphyrin, alikuwa amekaa naye kwenye kochi, pale sebuleni kwake Haltom City, mtoto wao Merveille amelala mapajani.

"Ya Marguerite, jina yake iko wapi?" aliuliza, akimwita kwa "Ya" ya dada mkubwa.

"Halimo."

"Pengine wataiweka nyuma."

"Nyuma ya nini? Filamu imeisha!"

Alimpigia Clara papo hapo. Clara akamweleza kwa Kifaransa laini kwamba jina aliliacha makusudi. Bila jina, alisema, Zéphyrin anakuwa wakimbizi wote duniani. Marguerite alimshukuru, akakata simu, kisha akatoa tusi la kwao ambalo Kethia alijifanya hakulisikia.

Wakimbizi wote! Zéphyrin alikuwa mtu mmoja, tena mtu mwenye makelele. Mchana alifunga maboksi ghalani, Jumamosi alifundisha kwaya, na aliimba hata akiwa anasukutua meno. Clara alimfuata na kamera miezi mitatu. Siku moyo wake uliposimama ghafla kazini, Clara aliomba aendelee kupiga picha kwenye kilio, na Marguerite, akiwa hajui hata kama amevaa viatu, alisema ndiyo kwa mdomo. Akampa kiti katikati ya wanawake. Akampakulia sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na samaki siku tisa. Makaburini Clara alikunja kamera zake, akamkumbatia kila mtu, akaenda uwanja wa ndege. Aliona maziko, akadhani kilio kimekwisha. Hakuuliza.

Katika ukoo wa Marguerite, kilio hakiishii makaburini. Kuna siku ya kukiondoa. Siku hiyo kila aliyekula chakula cha kilio husimama mbele za watu, akamtaja marehemu, baba yake, babu yake na mahali alipozaliwa, kwa kichwa, bila kusaidiwa. Mtoto husema. Jirani husema. Anayekula akaondoka bila kusema amemwibia maiti, na wizi huo hausahauliki. Marguerite, kwa tabia, hakuwa mtu wa kusahau hata wizi mdogo.

Miezi ikapita, barua ikaja. Filamu imechaguliwa kwenye tamasha la Houston, Clara aliandika. Mfuko wa umma umelipia safari, mabango na vinywaji vya wageni, na Houston ikienda vizuri, utaisindikiza filamu kwenye matamasha mengine kumi. Kimepungua kitu kimoja tu, sahihi ya familia ya marehemu. Bila sahihi hiyo mfuko hautoi msaada zaidi. Je, dada yangu mpenzi, utakuja tupande jukwaani pamoja, utie sahihi mbele ya ofisa wao?

Marguerite aliisoma mara mbili, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Usiiue ile filamu," Kethia alimwambia. Alimjua wifi yake. "Merveille alizaliwa baba yake ameshazikwa. Sauti ya baba yake ataisikia wapi kama si mule?"

"Na jina ya baba yake ataisoma wapi?"

Marguerite hakuahidi kitu. Alitaka filamu ile iozee kabatini, na Clara aozee pembeni yake.

Waliteremka Houston Jumamosi kwa gari la kanisa, wanawake kumi na mmoja waliovaa kitenge kimoja, wakakaa mstari wa tatu. Filamu ilionyeshwa mchana, ukumbi umejaa. Watu walilia, wakapiga makofi. Clara akampandisha Marguerite jukwaani, akamshika kiuno, akatangaza, "Hii ni familia yangu."

Marguerite akachukua kipaza sauti, akasema kwa Kiswahili, na mkalimani wa tamasha akawa anafuata nyuma.

"Huyu mama alikula kilio chetu siku tisa. Siku ya kukiondoa, hakukuwapo. Leo tunakiondoa. Clara, ulikuwa unamlilia nani?"

Clara alitabasamia ukumbi. "Zéphyrin."

"Zéphyrin mwana wa nani?"

Clara akamgeukia mkalimani.

"Mjukuu wa nani? Alizaliwa wapi?"

"Kongo," alisema Clara, na watu wachache wakacheka. Mstari wa tatu haukucheka. Wanawake wale kumi waliobaki walisimama wote pamoja, wakamtazama hadi uso ukamwiva. Marguerite aliona raha. Tusiseme uongo, aliona raha kubwa.

Nje ya ukumbi Clara alimfuata mbio, ofisa wa mfuko nyuma yake na karatasi mkononi.

"Nitaliweka jina," alisema Clara huku analia. "Mwishoni kabisa, peke yake."

"Mwishoni watu wanavaa makoti."

"Basi unataka nini?"

Hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu. Marguerite alimtazama Kethia aliyesimama mlangoni na Merveille mgongoni, akalimeza.

"Kila tamasha," alisema, "kabla taa hazijazimwa, utasimama mwenyewe useme kama tunavyosema sisi. Kwa Kiswahili. Kwa kichwa." Akamgeukia ofisa. "Na nyinyi muandike kwenye mkataba. Siku asiposema, filamu haionyeshwi."

Ofisa alikuwa mtu wa kanuni. Alisema inawezekana, akaandika pembeni ya karatasi, akampa kalamu.

"Kila mara?" Clara aliuliza. "Mbele ya watu wote?"

"Sitii sahihi mpaka uweze. Sema. Zéphyrin, mwana wa Bulimwengu, mwana wa Lwaboshi, aliyezaliwa Mboko."

Watu walikuwa wakitoka ukumbini na vikombe vyao, wakipunguza mwendo kutazama. Clara alifuta pua kwa mkono wa shati.

"Zéphyrin," alianza, "mwana wa Bulimwengu, mwana wa... Lwa..."

Akamtazama ofisa. Ofisa akatazama viatu vyake.

"Hapana," alisema Marguerite, akavuta kiti, akakaa. "Anza tena kwa marehemu."