Mlima Umebaki Marangu

Kutwa nzima Aristides alikuwa amesimama dukani Kariakoo, na sasa foleni ya Msimbazi ilimmalizia nguvu. Gari lilikuwa la otomatiki, lakini alibadilisha gia mwenyewe, na kila alipotaka kupunguza mwendo alishusha gia mpaka injini ikapiga kelele. Ndivyo baba yake alivyomfundisha kwenye milima ya Marangu.

“Baba Vicky, fundi alisemaje?” mkewe Mektilda, aliyekaa kando yake, aliuliza kwa uchovu. “Si alisema kusimama ni kazi ya breki? Pedi zikiisha tutabadilisha. Giaboksi je? Na mlima tumeuacha Marangu!”

Aristides akanuna, akaweka D. Injini ikatulia. Walipofika kimteremko cha Jangwani, ambacho hata chungwa lingesita kubingirika, mkono wake wa kushoto uliifuata gia wenyewe. Ukakuta mkono wa Mektilda umeshawahi.