Soda ya Nabututu

Nyinyi wenye watoto, sikieni haya kabla hamjacheka kama alivyocheka Rachael. Rachael hukaanga mgongo wazi pale mtaani Obunga, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Siku jirani yake Nabututu alipotoka kanisani kuchangia damu, Rachael alimpigia kelele mbele ya wateja.

"Haiya! Umeuza damu kwa soda na biskuti?"

Na watoto wake mwenyewe akawakataza hata kukaribia lile hema la kutolea damu pale kanisani.

Hazikupita wiki mbili. Binti yake Anyango alikuwa anapeleka panga la kukatia mifupa jikoni, akateleza kwenye mafuta yaliyomwagika. Panga likamkata paja. Damu ilitoka kama bomba limepasuka! Rachael akakimbilia majivu ya jiko, kama wakaangaji wanavyofanya siku zote wakichomwa na mifupa. Akapaka konzi nzima. Majivu yakasombwa palepale.

"Mama Anyango, wacha majivu! Kandamiza!" Nabututu alishafika. Alikunja leso, akaikandamiza kwa mikono miwili, hakuinua hata kidogo mpaka tuktuk ilipowafikisha hospitali.

Huko Anyango alikuwa baridi, midomo imepauka. Rachael akapandisha mkono wa nguo.

"Sista, toa yangu! Toa yote!"

"Yako lazima ipimwe kwanza, Mama, na huyu hawezi kungoja," nesi alisema, akitundika mfuko. "Itakayomwokoa ni hii iliyokuwa kwa friji."

"Ya nani?"

"Sijui. Mtu alikuja mapema, basi."

Mfuko ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine. Rachael alitazama kila tone likishuka, akimshukuru Mungu na watu ambao hatawahi kuwajua. Jioni Anyango akafungua macho.

"Mama, samaki waliungua?"

"Wacha waungue, nyathina, mwanangu! Wacha waungue wote!" Akalia na kucheka pamoja.

Hema liliporudi kanisani, Rachael alikuwa wa kwanza kwenye foleni, watoto wake wakubwa nyuma yake. Majivu alishayaacha, siku hizi ana leso safi imening'inia karibu na jiko.

"Leo unauza kwa soda gani?" Nabututu akamchokoza.

Rachael akajilaza, akanyoosha mkono. Alipomaliza kutoa akapewa soda yake, akaifungua, akampelekea Nabututu kwa mikono miwili.