Mashine Iliyopenda Maji

Gunia la kwanza lilipasuka mikononi mwa Bwana Erasmo, meneja wa kampuni, na kahawa ikaporomoka kwa mabonge. Ilikuwa ya kijani, imeota manyoya kama panya aliyezama kisimani. Meneja akaziba pua kwa tai yake. Nyuma yake ghala zima lilikuwa linafuka joto, linanuka kama kinywa cha mlevi asubuhi. Mimi nikacheka. Nilicheka peke yangu mbele ya watu wote wa kijiji chetu cha Mbuji, kisha nikaziba mdomo kwa kanga.

Miaka ile makampuni ya watu binafsi yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kununua kahawa Mbinga, na kila moja lilikuja na mbwembwe zake. La kwetu lilikuja na kompyuta. Kabla yake, ukavu wa kahawa niliupima mimi, kwa jino. Chama cha msingi cha ushirika kilinikalisha mlangoni misimu kumi na mmoja: natwaa punje, nang'ata. Ikilia ka!, pita. Ikibonyea, rudisha juani, na salamu kwa mumeo. Sasa jino langu likastaafishwa na kikombe cha chuma kisicho na uso wala mshale, kilichofungwa waya hadi kwenye kompyuta. Kikombe kinapima unyevu wa punje, waya unapeleka habari, kioo kinatamka. Asilimia kumi hadi kumi na mbili, inapokelewa. Nje ya hapo, beba gunia lako.

Aliyeiandikia kompyuta maelekezo yake alikuwa Nathanieli, Mnyasa wa Chiwanda, kando ya ziwa, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, usipa wangu, dagaa wa Nyasa. Umekauka vizuri leo?"

Alikuwa akicheka. Nilimpenda.

Wifi yangu Albina, dada wa marehemu mume wangu, alileta kahawa iliyokauka hadi inaimba guniani. Niliing'ata mwenyewe. Kioo kikaandika: SIFURI. HAIPOKELEWI. Akaianika tena siku mbili, akarudi. SIFURI. Akakaa juu ya gunia lake kando ya njia, analia bila sauti. Nguruwe pori walikuwa wamemaliza mahindi yake, na binti yake Ottilia alikuwa nyumbani tangu mwezi wa saba, anasubiri kahawa hiyo imrudishe sekondari.

"Wifi, nyamaza," nikamwambia. "Mashine hii imefundishwa na Mnyasa. Wale wamezaliwa ziwani. Inataka maji."

Nikajaza maji mdomoni, nikaipulizia kahawa yake kama mtu anayepiga pasi, nikaivuruga kwa mikono, nikapulizia tena. Mzaha, basi. Nilitaka acheke. Saa nane tukarudi kwenye meza ya kompyuta, na kioo kikaandika: KUMI. DARAJA LA KWANZA.

Tulicheka mpaka kanga zikatudondoka. Kufika Jumapili wanakwaya walikuwa wananyunyiza. Wiki iliyofuata wengine walitumia maji waliyooshea vyombo, na yuko mtu, simtaji, aliyedai mkojo wa mbuzi unaleta kumi na mbili.

Jioni ile ya ghala kuoza nilimkuta Nathanieli ofisini, ametandaza karatasi ndefu zenye vitundu pembeni. Upande wa kushoto yaliandikwa yale yaliyotoka kwenye kikombe, upande wa kulia yale yaliyosemwa na kompyuta. Nilisoma hadi darasa la saba tu, lakini macho ninayo. Kwenye mstari wa Albina, kushoto palikuwa na 0B. Kulia, sifuri.

"Hiyo herufi inatafuta nini kwenye hesabu?"

"Kikombe hakihesabu kwa makumi kama sisi, mama. Kinahesabu kwa kumi na sita. Tarakimu zikiisha kwenye tisa, kinaazima herufi. A ni kumi, B ni kumi na moja..."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa Albina.

"Basi wifi yangu alikuwa na kumi na moja," nikasema. "Na hii moja na sifuri, uliyoiita kumi, kwa kikombe ni ngapi?"

"Kumi na sita." Akaweka kalamu chini. "Maji matupu. Kompyuta niliiambia isome maandishi yale kama namba zetu. Ikikuta herufi inashindwa, inatoa sifuri. Nilijaribu kwa kahawa ya mjini, iliyokauka mno. Nane, tisa. Huko hakuna herufi."

Akabadilisha mstari mmoja wa maelekezo ya kompyuta. Mmoja tu! Kisha akanishika mkono. "Mama, nina mke na mtoto mchanga Chiwanda. Wakijua, nimekwisha."

Kesho yake meneja alikusanya watu. Kikombe kilikuwa kimesema kweli tupu tangu mwanzo, na karatasi alikuwa nayo mkononi, ila alisoma upande wa kulia tu. "Albina. Imekataliwa mara mbili, ya tatu ikapita. Wa kwanza kabisa. Ulifanya nini?"

Albina alitazama ardhi. Hakunitazama mimi. Nathanieli alikuwa anahesabu kalamu zake.

Nilikuwa na maneno mawili: mashine ilikosea, na maji niliyatia mimi. La kwanza nisingeweza kulisema bila la pili. Nikasimama. Watu wote wakanigeukia, nyuso zimeshaanza kutabasamu, kwa kuwa walinijua. Na mimi, mdomo huu, nikasema:

"Bwana meneja, labda gunia lilitoka jasho kwa kukuogopa."

Walicheka. Hata meneja alicheka, huku akiliandika jina la Albina kwenye orodha ya wasionunuliwa kahawa tena. Makampuni mengine nayo yakaipata orodha hiyo. Nimekula vitu vingi vibaya maishani, lakini kicheko kile bado sijajua nikiteme wapi.

Asubuhi moja Albina alipita mlangoni kwangu na panga begani.

"Wifi, umeamkaje?"

"Salama," nikajibu.

Mibuni yake alikuwa ameachiwa na mama yake, na mti ule si laini; aliikata siku tatu, na Ottilia akiburura matawi. Siku ya tatu nikampelekea uji. Akaupokea kwa mikono miwili, akanisogezea nafasi kwenye kivuli kilichobaki.