Usi Iliyomezwa

Joho la mwisho la kwaya lilikuwa limebanwa chini ya sindano ya mashine ya kudarizi, nembo ya kifuani haijaisha, uzi umekatika, na mama yake Nukta, fundi mwenyewe, amesimama mikono kiunoni, kimya. Nukta alimjua. Akifoka, mambo shwari. Akinyamaza, kuna jambo.

"Lile la jana liliniharibikia hivi hivi," mama akasema. "Uzi ukakatika, nikafuata maelekezo ya programu. Mashine ikashona juu ya mishono yake, kitambaa kikakunjamana kama uso wa shangazi yako."

"Nimesikia, wifi!" shangazi akajibu toka mlangoni. Yeye ndiye mwalimu wa kwaya, amekuja kuchukua majoho. "Na kitambaa chote kimeishia kwenye hilo. Likiharibika, mwimbaji wangu kesho atasimama mbele ya watu na gauni la kupikia. Achana na programu za bure, malizia nembo kwa mkono."

"Kwa mkono, na ibada ni kesho asubuhi? Labda muimbe polepole sana."

Nukta akavuta kiti kwenye kompyuta. Programu ile ya kudarizi iliandikwa na watu wa kujitolea, na yeye alikuwa mmoja wa wanaonyoosha kurasa zake za maelekezo kwa Kiswahili: vichwa vilivyopinda, namba zilizorukana, nukta zilizopotea. Jina lake la utani lilitoka huko. Akasoma: "Uzi ukikatika, rudi mwanzo wa nembo."

Akafungua maandishi ya nyuma ya ukurasa, yale ambayo msomaji hayaoni. Huko neno lilikuwa zima: usirudi. Mtu mwema alizizungushia alama za nyota herufi tatu za mwanzo ili zikolee wino, katazo lionekane. Ukurasa ulipobadilishwa sura, nyota zikameza zilichokizunguka.

"Mama, hukukosea. 'Usi' imemezwa."

"Imemezwa na nani tena?"

"Na nyota. Ingekuwa 'usianze' ingebaki 'anze', ungeshtuka. Lakini 'rudi' imebaki imesimama kwa miguu yake. Nani angeitilia shaka?"

Akazing'oa nyota, akakoleza neno zima, akatuma marekebisho kwa wenzake. Kisha akasoma kwa sauti: "Usirudi mwanzo wa nembo. Rudisha sindano mishono michache, endelea."

"Michache tu?"

"Michache tu, mama. Bonyeza."

Mama akatunga uzi upya, akafumba macho, midomo ikachezacheza kwa dua fupi, akabonyeza. Sindano ikarudi kidogo, ikashika njia yake, ikaenda mpaka nembo ikakamilika.

Shangazi akaligeuza joho ndani nje akitafuta kasoro. Hakuiona. Akasogea kwenye kompyuta.

"Na hapo unatafuta nini tena?"

"Usi nyingine. Ona hii: 'Jaribu kugusa sindano ikiwa inashona.'"

Shangazi akavuta vidole vyake kifuani, akakaa.

"Malizia hizo kwanza, mwanangu. Majoho hayana miguu."