Bushi ya Mama Denis

Salvator alikuwa fundi wa kukereza vyuma mjini Mpanda. Kazi zilizomlisha zilikuwa nzito na chafu: shafti za mashine za kusaga, puli, pini za matrela. Kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine kabisa. Kila mashine ilipopata nafasi, alichonga vipuri vya injini ndogondogo za magari ya mbio, yale marefu membamba yanayokimbia mstari ulionyooka kwa sekunde chache tu kisha yanafungua mwavuli nyuma ili yasimame. Gari la namna hiyo hakuwahi kuliona kwa macho yake. Aliyaona kwenye simu, yakamwingia moyoni, akaanza kujitengenezea ya kwake, kila moja urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Wapo waliomcheka kwamba mtu mzima anacheza na vigari. Waliocheka hawakuwahi kuinama wakaangalia. Injini nzima haikuzidi kiberiti, nayo ilikuwa na silinda nane, na ndani ya kila silinda pistoni ya ukubwa wa punje ya mahindi, yenye pete zake na pini yake. Visu vya kukatia alivinoa kutoka kwenye biti za drili zilizovunjika. Akianza kukereza pistoni hashiki simu, hajibu salamu, na mkewe Jeannine alishazoea kumwita chakulani mara tatu kabla ya kukifunika na kuendelea na mambo yake.

Mwaka huu kilichomtesa kilikuwa bloa, lile boksi linalokaa juu ya injini na kuisukumia hewa. Ndani yake huwa na rota mbili zilizojipinda, zinazozunguka kila moja ikiipisha mwenzake bila kugusana. Kwa kipimo cha Salvator, rota moja ilikuwa nene kama njiti mbili za kiberiti. Alitumia shaba ya koki za maji alizoziyeyusha mwenyewe, na shaba hiyo ilikuwa na vitundu ndani kama mkate. Rota ya kwanza ilipasuka. Ya pili ikapasuka. Ya tatu ilimla siku mbili nzima, ukabaki mkato mmoja tu, nayo ikapasuka vilevile. Salvator akatupa kitambaa chini, akatoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi alikuta kitu mezani, kando ya jiliwa la kubania vyuma, kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Akafungua. Ilikuwa bushi ya zamani, ile pete ndefu ambayo shafti huzungukia ndani yake, nene kama kikombe cha kahawa, imelika upande mmoja. Akaipangusa kwa kidole gumba. Shaba ya kweli, nzito, nyekundu kwa mbali, isiyo na kitundu hata kimoja.

Sasa hapa tusimtafutie visingizio, maana alijitafutia mwenyewe vya kutosha. Alijua ile ni nini. Watu wa vijijini kipuri kikiisha hukileta kwa fundi kama sampuli, fundi anakipima, anachonga kipya kama kile. Mashine zenyewe ni za zamani, vitabu vyake havipo, kwa hiyo kile kipuri kilichoisha ndicho kipimo pekee duniani. Mtoto wa fundi wa miaka saba anajua hilo. Salvator akajiambia huenda ni chuma chakavu, mtu kakiacha akirudi auze. Akajiambia atakata kipete chembamba tu pembeni, palipolika, pasipo na faida kwa mtu. Akajiambia atapima kwanza. Hakupima. Mikono ilikuwa imeshafunga bushi kwenye mashine, na alipoona uzi mrefu wa shaba unatoka laini bila kukatika, akasahau kila kitu.

Rota zilitoka zote mbili. Kisha boksi lake likahitaji shaba ileile, na kifuniko nacho. Ilipofika saa tisa alasiri ya siku ya tano bushi ilikuwa imebaki vipande na rundo la nyuzi za dhahabu sakafuni, na mezani pakawa na bloa zuri kuliko alilowahi kuliona hata kwenye simu. Akalizungusha kwa ncha ya sindano. Rota zikapishana bila sauti. Alicheka peke yake kama mwehu.

Ujumbe ukaingia wakati huohuo. Ulitoka kwa Mama Denis wa Kasekese, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Aliandika: "Fundi habari za kazi. Bushi yangu umeiona? Nestori anasema kakuta haupo akaiweka mezani kwako. Naomba uniharakishie, watu wana mpunga."

Salvator alisoma mara mbili. Angeweza kuandika kwamba ameiharibu kwa bahati mbaya. Mama Denis angefoka, wangelaumiana, yangeisha. Badala yake vidole vikaandika: "Bado sijaiona mama."

Maneno matatu. Akaweka simu kifudifudi, akaona uso unamwaka moto ingawa hapakuwa na mtu wa kumwangalia.

Huyo Nestori alikuwa dereva wa bodaboda pale Kasekese. Miaka ya nyuma aliwahi kuiba vipuri vya pampu ya maji ya kijiji akaviuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akafungwa miezi sita. Aliporudi alikaa kimya, akalima, akaimba kwaya, akapata pikipiki ya mkataba. Mama Denis ndiye wa kwanza kijijini kumpa tena mzigo wa mtu mkononi. Salvator alilijua hilo. Kila mtu wa upande ule alilijua, na ndiyo maana lile jibu lake lilikuwa baya kuliko uongo wa kawaida. Angemsingizia mtu mwingine yeyote, wangeuliza maswali. Kwa Nestori hawakuuliza.

Siku ya tatu baada ya jibu lile Mama Denis alipiga simu.

"Fundi, usihangaike kuitafuta. Mwenzio kaiuza."

"Nani?"

"Si Nestori! Anaapa kwamba kaiweka kwako mezani, kwenye khanga. Nikamwambia ona aibu, unamsingizia fundi wa watu, mtu mwenye heshima zake. Mwenye pikipiki kaichukua pikipiki yake jana. Nasikia hata kwaya wamemwambia apumzike kwanza."

"Mh," Salvator akasema.

Alipokata simu alikaa kwenye kiti akaitazama mikono yake. Wakati huo picha za injini zilikuwa zimezunguka kwenye kundi la simu la watu wanaotengeneza magari kama yake, na sifa zikawa zinamiminika. Mtu wa Arusha aliuliza shaba ile ameipata wapi. Salvator akafuta swali lile kwenye kichwa chake kama ambavyo angependa kulifuta kwenye simu. Jeannine akawa akipata mgeni anamwonyesha: "Tazama mume wangu alivyo na akili." Salvator akawa anatoka nje kila akisikia hivyo. Chakula hakikupanda. Mke akadhani ni malaria, akamnunulia dawa, naye akazimeza ili asiulizwe.

Wiki ya pili akampigia Mama Denis mwenyewe. Alimwambia atakuja Kasekese apime shafti na nyumba ya bushi palepale kwenye mashine, achonge mpya bila sampuli, na hatadai chochote, hata nauli.

"Mungu akubariki fundi wangu," Mama Denis akasema. "Mafundi wa siku hizi nani anafanya hivyo? Ukija uje na kale kagari, wanawake wa hapa wamekaona kwenye simu ya mwanangu, hawaamini."

Alitaka kuukataa huo upuuzi wa gari. Jeannine alikuwa amesikia, akalifunga kwenye boksi la viatu kwa kitambaa safi, akamwekea ndani ya begi la vifaa.

Kasekese walimpokea kama mkwe. Palikuwa na watu kumi na watano hivi kwenye kivuli cha mashine, wamekuja kuuliza kama itapona, magunia ya mpunga yameegemea ukuta. Mama Denis alimletea maji ya kunawa, akamletea uji, akasimama kando yake akimsifia kwa sauti. Kila sifa ilimpiga. Salvator akajitia kazini, akalala chini ya mashine na vernia ya kupimia, akaita namba na kuziandika kwa kalamu kwenye kiganja.

"Anahitajika mtu wa kuinua shafti," akasema.

Aliyekuja kuinua alikuwa Nestori. Hakuwa na pikipiki tena, siku hizi alikuwa anabeba magunia. Alikuwa amekonda, amenyoa kichwa chote, na shati lake alikuwa amelifunga vifungo hadi shingoni kama mtu anayekwenda ofisini kuomba kitu. Aliinua shafti, akaishikilia bila kutetemeka, na muda wote hakumtazama Salvator usoni. Salvator alipima mara tatu mahali panapotosha mara moja, kwa sababu akimaliza ingebidi atoke chini ya ile mashine.

Akatoka. Mama Denis alikuwa ameshafungua boksi la viatu. Gari lilikuwa linapita mikono kwa mikono, watu wanapiga vigelegele vidogo, wanalirudisha kwa heshima kama mtoto mchanga. Mwisho likamfikia Nestori. Alipangusa viganja kwenye suruali kabla ya kulipokea. Akaliinua hadi usawa wa macho, akazungusha bloa kwa ukucha, rota zikapishana.

"Fundi, Mungu kakupa mikono," akasema taratibu. Kisha akamsogelea, gari bado liko mkononi, akashusha sauti. "Nilikuwa nakutafuta, ila nauli sina. Nataka unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nilisema kwa watu kwamba niliiweka mezani kwako. Nikakutia ubaya, na wewe hujanikosea kitu. Nimefikiria sana, fundi. Wiki mbili hizi silali. Mimi naiona kabisa ile meza, najiona naiweka. Lakini mke wangu kaniambia, Nestori, kama fundi hajaiona na Mama Denis kasema hivyo, basi kichwa chako kina shida. Labda ilianguka njiani, kule kwenye mawe. Labda nili... Labda kweli niliiuza nikajisahaulisha. Mtu akishaiba mara moja, anajiaminije?"

Salvator alikuwa amejiandaa kwa kuchukiwa. Njia nzima kutoka Mpanda alikuwa anapanga atafanyaje Nestori akimrukia kooni. Kuombwa msamaha hakukupangia, na aibu ilimshika akatamani alale tena chini ya mashine wamshushie shafti. Yeye Salvator alimnyang'anya mtu huyu kazi, akamnyang'anya kwaya, sasa kumbe amemnyang'anya hata macho yake mwenyewe.

"Uliiweka," akasema.

"Ee?"

"Uliiweka, ndugu yangu. Kando ya jiliwa, upande wa dirishani, kwenye khanga."

Nestori akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Khanga ya rangi gani?"

"Ya kijani. Ina maua ya korosho."

Watu walikuwa wameanza kusogea wasikilize. Mama Denis aligeuka na bakuli la uji mkononi. "Fundi, unasema nini?"

"Ilifika siku ileile," Salvator akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na aliichukia. "Mama, nilikujibu uongo. Nilitaka shaba. Niliikata nikatengeneza hiyo." Akaonyesha bloa mkononi mwa Nestori. "Hiyo ndiyo bushi yako."

Hapakuwa na aliyefoka. Ingekuwa afadhali wangefoka. Mama Denis aliweka bakuli juu ya gunia polepole, kama mzee, na alichofanya kwanza hakikuwa kumgeukia Salvator. Alimtazama Nestori, akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Nestori yeye alikuwa amechuchumaa. Lile gari alilishusha chini taratibu, vizuri, lisije likaumia. Kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti mbele za watu.

"Kumbe niliiweka," alikuwa anasema. "Kumbe niliiweka. Jamani, kumbe nina akili zangu."

Salvator alisimama pale asijue mikono aiweke wapi. Alitaka kumgusa bega, akaona hana haki hiyo. Alitaka kusema nisamehe, neno likaonekana kwake jepesi mno, kama kumchinjia mtu ng'ombe wake kisha ukamlipa kwa asante. Mwanamke mmoja mzee nyuma ya magunia akauliza fundi kasemaje, mbona Nestori analia.

Nestori akajipangusa uso kwa shati, akainuka.

"Fundi," akasema, "kule nyuma hawajasikia. Rudia."

Salvator akarudia.

"Kwa sauti," Nestori akasema. "Halafu twende kwa mwenye pikipiki, utarudia. Halafu kanisani, kwaya wanafanya mazoezi saa kumi, utarudia. Halafu nyumbani kwangu."

Salvator akageukia watu wote, akaanza upya kutoka mwanzo.