Siku Mbili Baada ya Pentekoste

Katika ngome zote za jimbo la Champagne, Ufaransa, hapakuwa na bwana aliyependa hadithi za mashujaa wapanda farasi kama Josselin. Kila baada ya mlo mkewe, Odierne, alimsomea habari za wanaume waliokubali kufa kuliko kuvunja neno lao, na Josselin, machozi yakimlengalenga, alisema, "Hao ndio wanaume!"

Kwa hiyo alipomteka vitani Thierri, shujaa wa upande wa adui, alimruhusu aende kumzika baba yake, kwa kiapo tu kwamba siku ya Pentekoste angerudi kifungoni.

Pentekoste ikafika, Thierri hakuonekana. Wageni mezani wakavunjika mbavu.

"Umemfungulia ndege tundu, Josselin, halafu unamngoja arudi?"

Siku mbili baadaye Thierri akaingia ukumbini kwa miguu, matope hadi kiunoni, anachechemea. Josselin, aibu bado ikimchoma, hakumkaribisha hata kukaa.

"Farasi yuko wapi? Umemchezea kamari?"

"Nimechelewa, bwana. Sina la kujitetea."

"Utakuwa nalo wapi, mwongo wee!"

Akamvua mkanda wa upanga, alama ya heshima ya shujaa, mbele ya wote, akaamuru afungiwe mnarani.

Siku ya tatu ya kifungo hicho akaja mjane kutoka kivukoni, jibini mkononi, akimuulizia bwana aliyewaokoa binti zake mafuriko yalipowachukua. Farasi wa bwana huyo alisombwa, alisema, naye mwenyewe akapigwa na gogo mguuni, akalala nyumbani kwa mjane siku mbili hajitambui.

Josselin akapanda mnarani peke yake.

"Mbona hukuniambia, ndugu yangu?"

"Mambo hayo mtu hajisifii. Nawe hukutaka kujua."

"Nimekukosea, nisamehe. Uko huru. Chukua farasi wangu wa kijivu."

Thierri akamtazama. "Hayo utayasema na kule chini, bwana? Mbele ya wale wale?"

Vicheko vya wageni vilipanda ngazi hadi pale.

"Kesho," Josselin akasema. "Wakishaondoka."

"Basi farasi sitamhitaji," Thierri akajibu kwa adabu, akainamisha kichwa, akaanza kushuka.

Walipopita ukumbini mgeni mmoja alimrushia Thierri mfupa. "Mvunja kiapo huyo!" Josselin, hatua tatu nyuma, akafungua kinywa, kisha akakifumba.

Wakati wa mavuno alituma mtu kumwita Thierri, ameshawaalika wageni wote, maneno ya kumwomba radhi mbele yao ameyapanga vizuri. Mjumbe akarudi peke yake. Thierri alikuwa amevuka bahari kwenda vitani, na huko amezikwa.